Maneno Matatu kwa Siku Yanatosha

Swali ni lile lile, wanaouliza ndio wanaobadilika. Mmoja anaelewa Kiingereza akisoma, lakini akifungua mdomo maneno yanamkimbia. Mwingine amepakua programu inayomletea neno jipya kila asubuhi. Huu ni mwezi wa nne na hakumbuki hata maneno kumi. Wa tatu ana mtoto aliyeingia kidato cha kwanza, amesoma miaka saba kwa Kiswahili na sasa masomo karibu yote ni ya Kiingereza, na kila jioni mzazi na mtoto wanapekua kamusi mpaka wanasinzia. Wote wanataka kujua jambo moja: msamiati wa Kiingereza unaongezwaje?

Nafundisha watu wazima, vipindi vya jioni, na jibu langu huwa linawakera kidogo kwa sababu ni dogo mno. Jifunze maneno matatu kwa siku, siku tano za wiki. Siku mbili zinazobaki usijifunze neno jipya hata moja.

"Matatu tu?"

Piga hesabu. Matatu kwa siku ni 15 kwa wiki, na kwa mwaka ni 780. Tuseme theluthi yake itapotea njiani, maana itapotea. Unabaki na 520.

Je, 520 ni kitu? Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno ya Kiingereza yanayohitajika zaidi kwa mwanafunzi, nayo ilikuwa na maneno kama 2000. Mwaka 2000, Averil Coxhead wa New Zealand alikusanya yale yanayojirudia katika vitabu vya vyuo vikuu vya masomo mbalimbali. Akapata koo 570 za maneno, kila ukoo ukiwa neno na ndugu zake. Na tangu 1959 Sauti ya Amerika ilikuwa ikisoma habari za dunia nzima kwa wanaojifunza kwa kutumia maneno kama 1500. Kwa hiyo ukiwa na msingi wa sekondari, mwaka mmoja wa maneno matatu matatu unakusogeza mbali.

Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la 1989, ina majuzuu 20. Hiyo waachie wenyewe, na wao pia hawaimalizi.

Anayejifunza maneno kumi kwa siku anaanza vizuri. Siku ya nane ana maneno sabini ya kurudia juu ya yale kumi mapya. Ni kama daladala iliyojaa, watu wananing'inia mlangoni, na konda bado anaita abiria. Wiki ya tatu daftari linaingia kabatini.

Usianzie A

Nasema haya kwa kuwa yamenipata. Nikiwa kidato cha pili niliamua kuimaliza kamusi, nikaanza ukurasa wa kwanza. Nikajifunza "aardvark", yaani mhanga, mnyama ambaye mpaka leo sijamwona kwa macho. Nikajifunza "abacus", "abase", "abate" na "abbot". Nilipofika "abscond" nikachoka. Miaka michache baadaye nimesimama mbele ya kaunta ya ofisi moja, nadai risiti yangu, nikatamka "receipt" kwa p iliyokolea: "risipti". Karani akamwita mwenzake aje asikie. Nilimjua mhanga, nilimjua mkuu wa watawa, na karatasi niliyokuwa naihitaji siku ile sikujua kuitaja.

Kwa hiyo chagua maneno yanayokuzunguka. Neno linafaa kuingia daftarini likipita moja ya milango hii:

- Umekutana nalo zaidi ya mara moja wiki hii.
- Ulilihitaji ukakwama, ukalizunguka kwa maneno mengine au ukatumia mikono.
- Ni la kazi yako, na usipolijua unapoteza pesa, alama au mteja.

Mwanafunzi wangu mmoja, mama anayeuza vitenge na nguo za batiki, alikuja na orodha aliyopewa na mwanawe: "nevertheless", "magnificent", "phenomenon". Nikamwuliza wageni wakifika dukani wanamwuliza nini. Akasema wanashika kitambaa, wanakisugua, wanauliza kitu kuhusu maji. Tukaitupa orodha. Tukaandika "fade", rangi kupauka. "Shrink", nguo kurudi baada ya kufuliwa. Na "lining", bitana. Siku chache baadaye akaja kunieleza, huku akicheka, kwamba alimwambia mzungu mmoja "This one does not fade", mzungu akanunua viwili. Sijui kama ni sentensi ile iliyouza. Yeye ana hakika, na toka siku hiyo hajakosa kipindi.

Kila kazi ina yake. Nesi anahitaji "numb" ya ganzi, "itch" ya kuwashwa na "dizzy" ya kizunguzungu kabla ya maneno makubwa ya vitabuni. Anayepeleka watalii mbugani anahitaji "prey", "graze" na "stalk". Mwanafunzi wa sekondari aanze na vitenzi vya karatasi ya mtihani: "outline", "distinguish", "justify", na hasa "account for", ambayo haina uhusiano na kuhesabu, inataka utoe sababu. Wapo wanaofeli swali wakiwa wanajua jibu, kwa sababu ya maneno hayo mawili tu.

Na kama una mpango wa kukopa, haya matano yasikupite: "collateral", "guarantor", "default", "penalty", "outstanding balance". Dhamana, mdhamini, kushindwa kulipa, adhabu, deni lililobaki. Mkataba ukiwa wa Kiingereza, saini yako itakubana hata kama hukuelewa.

Neno moja kwa karibu

Kosa kubwa kuliko yote ni kuandika neno upande wa kushoto, maana upande wa kulia, basi. Orodha za namna hiyo ninazo mimi mwenyewe, madaftari matatu, na hazikunifikisha popote.

Chukua "reluctant". Tuseme umelikuta katika habari ya wanakijiji waliotakiwa kuhama bondeni wakati wa masika. Lipe nusu ukurasa, si mstari mmoja, na ujaze hivi:

1. Sentensi ulimolikuta, nzima, kama ilivyo.
2. Sauti, kwa herufi zetu: ri-LAK-tant, mkazo katikati.
3. Maana kwa Kiswahili cha watu: mwenye kusitasita, asiyetaka kwa moyo mmoja.
4. Linaloandamana nalo: "reluctant to", kisha kitenzi.
5. Ukoo wake: "reluctance", "reluctantly".
6. Sentensi yako mwenyewe, ya kweli, kutoka katika maisha yako.

Namba tatu ndiyo inayopuuzwa. Wengi wanaandika "kukataa". Siyo. Anayekataa hafanyi, huyu anaweza kufanya, ila kwa shingo upande. Ukishaona kwamba "reluctantly" ni ile shingo upande yetu, neno limeingia na halitoki. Tafuta nahau ya kwetu kila unapoweza, maana nahau hushika pale ambapo tafsiri ya kamusi huteleza.

Namba sita ndiyo inayoumiza. Mwanafunzi mmoja aliniandikia "My landlord is reluctant", akaweka nukta. Nikamwuliza: reluctant kufanya nini? Akafikiri, akaongeza: "My landlord was reluctant to return my deposit." Darasa zima likaguna, maana karibu kila mtu pale alikuwa na mwenye nyumba wa aina hiyo. Usiandike "The boy is reluctant to go to school". Mvulana huyo humjui na hutamkumbuka. Mwandike mwenye nyumba wako.

Maneno matatu kwa namna hii yanachukua dakika kama 20. Ukimaliza kwa dakika tano, jua umeruka namba nne na sita.

Kurudia

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba kilichokaririwa hupotea kwa kasi zaidi mwanzoni, katika saa na siku za kwanza. Halafu kasi inapungua. Maana yake kwako: neno la leo lisiporudiwa kesho, kazi ya leo ni bure.

Rudia kesho yake, kisha siku ya tatu au ya nne, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Kuna anayeweza kukumbuka ratiba hiyo kwa kichwa. Mimi siwezi, kwa hiyo natumia boksi la viatu, mtindo uliosambazwa na Sebastian Leitner katika kitabu chake cha 1972. Programu za simu kama Anki zinafanya kazi kwa wazo hilo hilo, nazo ni nzuri kama simu yako haikuvuti pengine. Yangu inanivuta.

- Kata kadi kutoka kwenye kalenda ya mwaka jana au maboksi ya sabuni.
- Gawa boksi vyumba vitano kwa vipande vya kadibodi.
- Upande wa mbele andika maana kwa Kiswahili, pamoja na sentensi ya Kiingereza yenye pengo. Neno lenyewe liwe nyuma.
- Chumba cha kwanza kipitie kila siku, cha pili kila baada ya siku mbili, cha tatu kila wiki, cha nne kila wiki mbili, cha tano kila mwezi.
- Ukilipata neno, lisogeze chumba kinachofuata. Ukilikosa, linarudi chumba cha kwanza hata kama lilikuwa cha nne. Usilionee huruma.

Angalia hapo kwenye upande wa mbele. Ukiweka Kiingereza mbele na Kiswahili nyuma, unajizoeza kutambua tu, na kutambua tayari unakuweza. Huyo aliyelalamika kwamba anaelewa lakini hawezi kusema alikuwa anafanya mazoezi ya upande mmoja. Mdomo unajengwa kwa kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza.

Siku zako mbili za mapumziko, ziwe Jumamosi na Jumapili au Ijumaa na Jumamosi, moja ifanye ya mtihani. Funga daftari. Jieleze kwa sauti dakika mbili, habari za wiki yako, ukitumia angalau maneno sita kati ya yale 15. Jirekodi kwa simu. Ukisikiliza utaona aibu, ni kawaida. Siku ya pili soma tu kitu unachokipenda, bila kalamu.

Mitego inayotoka kwenye Kiswahili chetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya kujifunzia vimeandikwa kwa ajili ya kila mtu duniani, na mtegaji wetu sisi ni lugha yetu wenyewe.

*Kitenzi kimoja kwetu, viwili kwao.* Tunasema "niazime kalamu", tunasema pia "nimeazima kalamu kwa jirani". Kitenzi ni kile kile, wenye kutoa na wenye kupokea wote wanaazima. Kiingereza kimewatenga: anayetoa ni "lend", anayepokea ni "borrow". Ndiyo maana "Borrow me your pen" inasikika kila darasa kutoka Mombasa hadi Mbeya. Andika jozi hizi ukurasa mmoja: "say" na "tell", "see", "look" na "watch", "house" na "home", "do" na "make".

*Mwisho wa kitenzi unaotudanganya.* Sisi tukitaka kumfanya mtu akumbuke, tunabadilisha mkia tu: kumbuka, kumbusha. Mzizi haubadiliki, basi tunadhani na kwao ni hivyo. Tunasema "Remember me to buy sugar". Kwa Kiingereza kukumbusha ni neno jingine kabisa, "remind". Na "Remember me to your mother" ipo kweli, ila maana yake ni nisalimie mama yako. Mtu amekuagiza umkumbushe sukari, wewe umemfikishia salamu.

*Mwili.* Mkono wetu unaanzia begani. Kwao juu ni "arm", kiganja na vidole ni "hand". Mguu nao una "leg" na "foot". Kidole cha mguu ni "toe", na ukimwambia daktari "finger" atakuomba umwonyeshe mkono.

*Mgeni.* Aliyealikwa ni "guest", aliyekuja kutembelea ni "visitor", usiyemjua ni "stranger", wa nchi nyingine ni "foreigner". Mhudumu wa hoteli akitabasamu na kusema "Welcome, our strangers" amekaribisha kwa moyo mzuri na neno baya. Na tukitaja hoteli: ile ya kwetu inayouza chai na chapati kwao si "hotel", kwa kuwa hakuna kitanda.

*Pole.* Neno hili ndilo linalonisikitisha, kwa kuwa halina mwenzake. Mwingereza akijikwaa ukamwambia "sorry", huenda akakujibu kwamba si kosa lako. Mwulize "Are you all right?" Aliyefiwa mwambie "I'm sorry for your loss." Na ukitaka kumwambia mtu pole na kazi, nyamaza. Hawana.

*Piga.* Hiki ni kitenzi chetu cha kazi zote, na ukikitafsiri utaonekana mgomvi. Picha ni "take", simu ni "make", mswaki ni "brush", pasi ni "iron", kura ni "cast", magoti ni "kneel" peke yake. Ndiyo sababu ya ile namba nne ya ukurasa wako: maneno yana wenzao wanaoandamana nao. Mvua kubwa si "big rain", ni "heavy rain".

Mengine nayataja haraka. Ukiyaona kwenye maandishi yako, yakate:

- "discuss about": ondoa "about".
- "cope up with": ondoa "up".
- "explain me": weka "to" katikati.
- "advices", "informations", "furnitures", "equipments": hakuna hata moja linalobeba s.

Mahali Kiswahili kinapotusaidia

Tuna faida ambayo wengi hawaioni. Tumezoea kuchukua mzizi mmoja na kuuzalisha. Ajiri, mwajiri, mwajiriwa, ajira. Basi tazama: "employ", "employer", "employee", "employment". Mwenye "-er" ni mtendaji, mwenye "-ee" ni mtendewa, sawasawa na mwajiri na mwajiriwa. Ukiijua hiyo, "trainer" na "trainee" hazikusumbui, na kwenye hundi utajua "payee" ni nani. Kila neno jipya liulize watoto wake, hesabu yako ya maneno matatu itakuwa saba au nane bila kuongeza dakika nyingi.

Ila usiwaumbie ndugu wasiokuwepo. Mpishi ni "cook". "Cooker" ni jiko.

Sikio na mdomo

Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza hakina adabu hiyo. Kuna herufi zilizokaa tu: b ya "debt", s ya "island", p ya "receipt" iliyoniaibisha. Sikiliza neno kabla ya kulisoma, au angalau siku hiyo hiyo. Ukilisoma kwa Kiswahili kwa wiki nzima, kulirekebisha ni kazi kuliko kujifunza jipya.

Mambo mawili yanatusumbua zaidi. La kwanza ni irabu. Sisi tunazo tano, wao sauti zao ni nyingi kuliko herufi zao, na "hat", "hut", "hurt" na "heart" kwenye midomo yetu yote huwa "hati". Jifunze kuyatenga kwa sikio kwanza, mdomo utafuata. Anzia na "walk" na "work", usije ukamwambia mtu kwamba unatembea benki wakati unafanya kazi benki.

La pili ni mkazo. Wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, hauhami. Wao mkazo wao unatembea: PHO-to-graph, pho-TO-gra-pher, pho-to-GRA-phic. Msikilizaji anaweza kukusamehe irabu, lakini mkazo ukiwa mahali pasipo pake hakutambui kabisa. Pigia mstari silabi yenye mkazo kwenye kila neno unaloandika. Kamusi za wanafunzi huweka alama ndogo mbele ya silabi hiyo.

Na kuhusu kamusi: uwe nazo mbili. Ile ya TUKI ya Kiingereza na Kiswahili, iliyotoka 1996, itakupa maana upesi. Kamusi ya wanafunzi, kama ile iliyoanzishwa na A. S. Hornby na kutolewa na Oxford mwaka 1948, inaeleza neno kwa Kiingereza chepesi na kukuonyesha linaandamana na nani. Toleo la zamani la mitumba linafaa.

Wapi pa kuokota

- Mpira. Mtangazaji wa ligi ya Uingereza ni mwalimu asiyelipwa. Goli la kusawazisha ni "equaliser". "Concede" ni kufungwa, na kesho utalikuta kwenye habari za uchaguzi, mgombea akikubali kushindwa. Neno moja, viwanja viwili.
- Pakiti na chupa. "Shake well before use", "keep out of reach of children", "expiry". Unazo nyumbani tayari.
- Filamu. Maandishi ya chini yawe ya Kiingereza, si ya Kiswahili. Dakika kumi zinatosha. Filamu nzima kwa namna hii inachosha.
- Vitabu vyenye pacha. Hii ndiyo ninayoipenda. "Animal Farm" ya George Orwell ilitafsiriwa na Fortunatus Kawegere kuwa "Shamba la Wanyama" mwaka 1967, na "Things Fall Apart" ya Chinua Achebe imekuwa "Shujaa Okonkwo" tangu 1973. Soma sura kwa Kiswahili usiku, kesho yake isome kwa Kiingereza. Kisa unakijua, macho yanabaki na maneno tu. Usitafute neno kwa neno. Mfasiri naye ana hiari yake.

Najua utasema

*"Umri umekwenda."* Joseph Conrad alizaliwa mwaka 1857 katika familia ya Kipolandi. Kiingereza alijifunza akiwa na zaidi ya miaka 20, kwenye meli, na riwaya yake ya kwanza ilitoka 1895, kwa Kiingereza. Wewe hujaombwa riwaya.

*"Nitachekwa."* Utachekwa, hasa na sisi wenyewe kwa wenyewe. Mgeni anavumilia Kiingereza kibovu. Mswahili mwenzako ndiye anayekirudia kijiweni. Tafuta mwenzi mmoja tu mnayejifunza pamoja, mpeane ruhusa ya kukosea. Kama hakuna, kuna ile simu ya kujirekodi.

*"Simu inatafsiri yenyewe."* Inatafsiri, na itumie. Lakini kwenye usaili unaambiwa uizime.

*"Kiswahili changu kitaharibika."* Kinaharibika kwa kuchanganya ovyo, si kwa kujifunza. Anayetafuta Kiswahili halisi cha "reluctant", "fade" na "remind" anazidi kuijua lugha yake. Wapo waliokuja kwangu kutafuta Kiingereza, wakagundua hawajui nguo ikipungua baada ya kufuliwa sisi tunasema imerudi.

*"Sina muda."* Dakika 20 asubuhi za kuandika, dakika tano za kadi kwenye foleni au ndani ya basi. Ukikosa siku moja, kesho usilipe deni kwa maneno sita. Endelea na matatu.

Kuanza

Mwezi wa kwanza hutaona tofauti. Wa pili utaanza kuyasikia maneno yako redioni na kwenye mazungumzo ya watu. Wengi wananiambia neno la kwanza linawatoka lenyewe, bila kuitwa, mwezi wa tatu hivi. Wanaoacha, karibu wote wanaacha wiki ya tatu au ya nne, kwa hiyo wiki hizo zikikufikia jua ni zenyewe, punguza yawe mawili au moja, lakini boksi liguse.

Nunua daftari leo. Kesho asubuhi andika neno ulilolikosa wiki hii ukatumia mikono. Na "aardvark" niachie mimi.